Kontroli na C

Kwa muda wa miezi kadhaa mimi na mwenzangu wa ofisi tuligombana kuhusu vitufe viwili vya kibodi. Waliotusikia walidhani ni mzaha. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa akipita mlangoni anauliza kama bado hatujapatana, halafu anacheka anaenda zake. Mimi nilicheka pamoja naye. Nilikuwa naogopa, na nilichokuwa nikikiogopa sikuweza kumwambia mtu.

Tunafanya kazi katika redio ndogo mjini Kisii, inayotangaza kwa Ekegusii. Mimi ndiye mtunzaji wa hifadhi ya sauti. Kuna kwaya za Sabato, kuna matangazo ya vifo, nyimbo za arusi, na wazee waliorekodiwa huko vijijini wakieleza jinsi mipaka ya mashamba ilivyowekwa. Wengi wao wameshafariki. Mara nyingine familia huja kuomba kusikia sauti ya baba yao. Huwa nawawekea, nawapa vipokea sauti, natoka nje nisubiri kwenye ngazi, kwa sababu sauti ya marehemu huwafanya watu wazima kulia kama watoto.

Mwenzangu ni fundi wa mitambo. Umri wetu haupishani sana. Kwao ni Kakamega, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi katika ofisi kubwa za Nairobi. Ekegusii hakijui, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, na Kiswahili changu cha shule kiliyumba kila nilipokasirika.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kazi yetu kubwa tunaifanya kwenye terminali, lile dirisha jeusi ambamo unaiambia kompyuta cha kufanya kwa kuandika maneno, bila picha za kubofya. Katika programu nyingine zote, ukibonyeza Kontroli pamoja na C unanakili maandishi uliyoyachagua. Kwenye terminali, tangu zamani, vitufe hivyo hivyo vinasimamisha kazi inayoendelea. Kama umeanzisha kitu na unaona kinaharibika, unabonyeza Kontroli na C, kinakufa hapo hapo. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni na ndivyo vidole vyangu vinavyojua.

Mwenzangu alitaka kuweka terminali mpya kwenye mashine zote. Hiyo mpya ilikuja na tabia yake: ukibonyeza Kontroli na C, inaangalia kwanza. Kama kuna maandishi yamechaguliwa, inayanakili. Kama hakuna, ndipo inasimamisha kazi.

Hakuwa mtu wa kubadilisha vitu kwa kupenda tu. Siku chache kabla, mtangazaji mmoja alikuwa studioni akimrekodi mchungaji. Alitaka kunakili jina la faili, akabonyeza Kontroli na C kama alivyozoea kwenye barua zake, na kurekodi kukakatika. Mchungaji aliongea nusu saa nzima na mashine iliyolala. Mkurugenzi alimfokea mwenzangu mbele ya watu.

"Madam," aliniambia, "hapa wote isipokuwa wewe wakibonyeza hivyo wanataka kunakili."

"Wakitaka kunakili waongeze Shifti. Ndivyo ilivyokuja."

"Ilivyokuja na nani? Kuna mtu aliamua tu, kabla mimi sijazaliwa, na sisi tunaendelea kuumia."

"Aliamua vizuri. Kitu cha kusimamisha hakifai kufikiri kwanza. Breki ya gari inakuuliza umebeba nini?"

"Haifikiri, inaangalia tu kama umechagua. Na ukichagua utaona mwenyewe, maandishi yanageuka meupe. Ni kuangalia tu, madam."

Nilikuwa na majibu mengine tayari, lakini maneno hayo, kuangalia tu, yalinigusa pabaya. Nilijifanya nina simu ya kupokea, nikatoka.

Hofu yangu ilikuwa imeanza kabla ya hapo, Daraja Mbili, siku ya soko. Nilikuwa nimechagua mkungu mdogo wa ndizi, nikageuka kuondoka, na mguu wangu ukatua katikati ya nyanya alizokuwa amezipanga mama mmoja juu ya gunia. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Wewe mama, huoni?"

Niliomba radhi, nikazichukua zote zilizopondeka. Nilijiambia nilikuwa nawaza mambo mengine. Baadaye kidogo, nikipanda kwenda nyumbani Nyanchwa, bodaboda ilitokea kushoto kwangu, karibu sana hivi kwamba kioo chake kilinigusa kiwiko. Mwendeshaji alipiga kelele kwamba amepiga honi mara nyingi. Honi niliisikia. Niliangalia na barabara ilikuwa tupu. Hilo ndilo lililonitisha: kwamba niliangalia.

Nyumbani nilijifungia bafuni, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja. Taulo lililotundikwa mlangoni likatoweka. Nilitegemea kuona giza, lakini hapakuwa na giza. Ukuta ulikuwa umejiendeleza tu, kana kwamba mlango haujawahi kuwepo.

Niliujua ugonjwa huo. Mama yangu anaishi Manga, na haoni kabisa. Kwa Ekegusii mama tunamwita baba, na watu wasiotujua hucheka wakisikia. Baba, yaani mama yangu, alianza hivyo hivyo, kwa kugonga vikombe. Walipompeleka hospitali waliambiwa ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Nilikuwa bado msichana. Naukumbuka mkono wake ukipapasa ukuta wa jikoni, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali palipovuja. Katika nyumba yake hakuna anayeruhusiwa kusogeza kitu. Kigoda kikiwa pale, kitakuwa pale. Shemeji yangu aliwahi kukisogeza akitaka kuota moto, na baba akaanguka akavunjika mkono. Hata leo tukila pale tunakagua kwa macho kama viti viko mahali pake kabla ya kuondoka.

Hospitali sikwenda. Najua watu wengi hawaelewi hilo. Watasema si ungeenda tu upimwe. Lakini kabla hujaenda bado kuna uwezekano kwamba ni uchovu, kwamba ni miwani, na mimi nilikuwa nikiishi ndani ya uwezekano huo.

Badala yake nilianza kufanya mazoezi. Wenzangu wakienda chakula cha mchana, nilifunga macho na kuweka vidole kwenye kibodi. Kitufe cha F na kile cha J vina vijinundu vidogo, ukivigusa unajua uko wapi. Kutoka hapo nilijifunza kufika kila mahali. Niligundua kwamba dirisha jeusi, ambalo wengine wanaliona gumu, lilikuwa mahali pekee kwenye kompyuta ambapo ningeweza kubaki hata nikipofuka. Halina kitu cha kutafuta kwa macho. Unaandika, linajibu kwa maneno ambayo kompyuta inaweza kukusomea kwa sauti, na vitufe vinafanya kilekile vilichofanya jana. Nilifarijika kidogo, nikalala vizuri wiki ile.

Kisha mwenzangu akaja na kitufe kinachotaka uangalie kwanza.

Nilipigana nikiwa na kila hoja isipokuwa ile ya kweli. Nilisema habari za mazoea, za vitabu vya mafunzo, za vyuo. Alinijibu zote kwa upole, na upole wake ulinikera zaidi. Mkurugenzi alituita, akasikiliza kidogo, akasema hataki tena kusikia mchungaji amekatwa. Jumatatu iliyofuata terminali mpya ilikuwa kwenye kila mashine, na yangu ikiwemo.

Ningeweza kumwambia mwenzangu kando. Nilifika mlangoni kwake mara moja nikiwa nimeshapanga maneno. Nikafikiria ofisi nzima ikijua, mkurugenzi akiniuliza kwa sauti ya huruma kama ningependa kupumzika, mtu mwingine akikaa kwenye kiti changu na kuzisikiliza zile sauti. Nikamuuliza kama ana kebo ya ziada.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya mvua, zile mvua zetu zinazokuja karibu kila siku saa tisa. Nilikuwa nahamisha rekodi kutoka diski ya zamani kwenda kwenye seva mpya. Kazi yenyewe ni rahisi: unaandika amri, unasubiri. Chini ya kioo kulikuwa na mstari mmoja uliokuwa ukinionyesha kazi imefika wapi, nami nilikuwa nimeukazia jicho la kulia. Nilikinyooshea mkono kikombe cha chai juu ya kompyuta yangu ya mapajani, na nadhani hapo ndipo kiganja changu kiliburuza kile kibao cha kugusa kinachosogeza mshale. Sikutambua.

Halafu diski ikaanza kugonga.

Mtu aliyewahi kufanya kazi na diski za zamani anaijua ile sauti. Ta. Ta. Ta. Kama kucha kwenye meza. Ni kichwa cha kusomea kinachogonga humo ndani, na kila inapoendelea kusoma inazidi kujiharibu. Unachotakiwa kufanya ni kimoja tu: usimamishe kazi upesi. Nilibonyeza Kontroli na C.

Mstari ukaendelea kusonga.

Nikabonyeza tena. Nikafikiri vidole vimekosea, nikavirudisha kwenye vijinundu, nikahesabu vitufe, nikabonyeza polepole. Ta. Ta. Mvua ilikuwa inapiga madirisha, nikainama nikaweka sikio juu ya diski nikitumaini ni mvua ninayoisikia. Haikuwa mvua. Humo ndani kulikuwa na wazee wa watu. Kulikuwa na mama mmoja aliyeimba wimbo wa kubembeleza mtoto ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine. Nikabonyeza na kubonyeza. Nilishika kebo nikaiachia, kwa sababu ukiichomoa wakati diski inaandika au kusoma hujui utaacha nini nyuma. Niliona wazi kabisa kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa: nitakuwa nimekaa mbele ya kitu kinachokufa, nikifanya kila nilichofundishwa, na hakitanisikia.

Nilipiga kelele kumwita. Alikuja mbio kutoka studio, vipokea sauti vikiwa bado shingoni.

"Haisimami!" nilimwambia. "Diski inagonga na haisimami!"

Aliinama juu ya bega langu. Hakuchukua muda. Akagusa kibao mara moja, akabonyeza vitufe vilevile nilivyokuwa nikivibonyeza mimi, na mstari ukasimama. Diski ikagonga mara nyingine, ikanyamaza.

Tuliisikiliza kama itagonga tena.

"Ulikuwa umechagua maandishi," alisema. "Ilikuwa inanakili tu. Kila ukibonyeza inanakili." Sauti yake haikuwa na lawama. "Madam, hukuyaona? Ni karibu upande wote huu wa kushoto. Yamekuwa meupe kabisa."

"Nimeyaona," nilisema haraka. "Nayaona sasa."

Nilipogeuka alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

"Nimeshayaondoa," alisema. "Nilipogusa hapa yameondoka. Sasa hivi hakuna kitu cheupe hapo."

Aliinua mkono wake mahali fulani kushoto kwangu. Nilijua ameuinua kwa sababu bega lake lilisogea. Mkono wenyewe sikuuona.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nilimwambia aende zake. Nilimwambia kwa Ekegusii, kwa maneno ambayo singeyarudia mbele ya baba yangu, na nadhani alielewa maana. Lakini hakwenda. Alivuta kiti, akakiburuza kwa kelele ili nisikie anakiweka wapi, akakaa upande wa kulia.

"Mimi nimekugombeza miezi yote hii," alisema. "Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba napofuka?"

Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Lilipotoka nililia, naye akafunga mlango ili watu wasipite wakiangalia.

Asubuhi yake nilikuta mashine yangu imerudishwa ilivyokuwa. Kontroli na C inasimamisha, haiangalii chochote. Hakuniambia amefanya hivyo, nami sikumshukuru. Alichosema ni kwamba atanishikia kazi siku ya Alhamisi, na kwamba nisipokwenda kupimwa atamwambia mkurugenzi mwenyewe. Nilimwuliza kama ananitisha. Akasema ndiyo.

Pale kliniki walinikalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe, wakaniwekea kidevu mahali pake, wakaziba jicho moja. Mkononi walinipa kitufe. Taa ndogo zitawaka, muuguzi alisema, hapa na pale. Ukiona moja, bonyeza. Usitafute, angalia katikati tu.

Nimeogopa mambo mengi maishani lakini sijui kama nimewahi kuogopa kama mle ndani. Kwa jicho la kulia nilibonyeza, nikabonyeza, nikafurahi kama mtoto anayepata majibu darasani. Kisha wakageuzia la kushoto. Nikaona taa moja. Nyingine. Halafu hakuna. Nilisikia mashine ikifanya kazi, nikajua taa zinawaka, zinawaka mbele ya uso wangu, na mimi nimeshika kitufe sina sababu ya kukibonyeza. Nilitamani kudanganya. Nilibonyeza mara moja au mbili kwa kubahatisha, na muuguzi akasema kwa upole, "Usikisie, mama. Tulia."

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa. La kulia limeanza pembeni. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote, bila kuruka. Nikamwuliza kitatunzwa mpaka lini. Akasema tutakuwa tunapima. Nilitaka jibu lingine, lakini aliniambia ukweli na nilimheshimu kwa hilo.

Ile diski tuliipeleka kwa mtaalamu Nairobi. Sehemu kubwa ya rekodi ilirudi, nyingine zikiwa na mikwaruzo. Nyimbo kadhaa za arusi hazikurudi kabisa, wala yule mama wa wimbo wa kubembeleza. Nimeutafuta wimbo huo kwa wanawake wazee wa Manga. Wanaukumbuka mwanzo tu.

Mkurugenzi nilimwambia mwenyewe, mwenzangu akiwa amesimama mlangoni. Aliniuliza maswali mengi, mengine ya kuumiza. Mwisho akasema nibaki nilipo, tutaona. Hilo "tutaona" bado ninalo. Kila anaponiita ofisini nalisikia tena kabla sijainuka.

Kuhusu vitufe, hatujakubaliana. Mashine ya studio imebaki na tabia aliyoitaka yeye, yangu na tabia ninayoitaka mimi, na ile ya pamoja inabadilika kutegemea nani aliikalia mwisho. Majuzi tulibishana tena, kwa sauti, naye hakunihurumia hata kidogo. Alisema hoja yangu ya breki ni ya kipuuzi. Nilifurahi sana.

Jambo gumu zaidi lilikuwa lile daktari alilolisema nikiwa nimeshasimama kuondoka. Ugonjwa huu hupita katika familia. Una watoto?

Ninaye mmoja, msichana, yuko kidato cha tatu. Nilimpeleka wakati wa likizo. Nilimwambia ni kawaida, kila mtu anapimwa, naye alikuwa ananuna kwa sababu marafiki zake walikuwa mahali fulani wakila chipsi bila yeye. Hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, kichwa nimekiegemeza ukutani karibu na mlango, na nikakuta kwamba nasikia kitufe. Kilikuwa na mlio mdogo. Kinabofya. Kinabofya. Kisha kimya. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Kimya kiliendelea, sijui kwa muda gani, na mle ndani ya kimya hicho nilimwona akiwa na umri wangu, mkono ukutani. Kikabofya tena. Kikanyamaza. Mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza kama naumwa.

Macho yake ni mazima. Daktari alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuelewa. Mazima kwa sasa, alisema, mlete kila mwaka. Nilitoka nimemshika mkono, msichana mrefu kuliko mimi, naye akiona haya mbele ya watu.

"Mama, unaniumiza mkono," alisema.

Nililegeza kidogo. Sikuuachia.